Ndege wa Dirishani: Majira ya Baridi na Msamiati Tuliouacha Uani

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda likaonekana geni katika kurasa za idara ya lugha: kutazama ndege uani wakati wa majira ya baridi. Sikulitafuta jambo hili. Lilinikuta kazini, likaniaibisha, na tangu siku hiyo limebadilisha namna ninavyofundisha msamiati.

Katika mwaka wa masomo wa 2013/2014 nilikuwa Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, nikisaidia kufundisha Kiswahili. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Mwezi wa Januari baridi ilishuka kupita nyuzi 20 chini ya sifuri, hata shule za mji zikafungwa. Hali ilipotulia kidogo niliwaalika wanafunzi wangu watatu wa mwaka wa kwanza waje kunywa chai na kufanya mazoezi ya mazungumzo. Tukaketi jikoni, karibu na dirisha linalotazama uani. Mara ndege mwekundu, mwenye kishungi kichwani, akatua juu ya theluji.

"Mwalimu, huyu anaitwaje kwa Kiswahili?" aliuliza mmoja wao.

Nilijibu kwamba ndege huyo hapatikani kwetu, kwa hiyo hana jina la Kiswahili. Jibu likaonekana kumtosha. Kisha akauliza la pili: "Na ndege wa uani kwenu Kampala wanaitwaje?" Nikataja kuku, bata, kunguru na njiwa. Nikanyamaza. Nilikuwa na shahada ya uzamili ya Kiswahili na miaka kadhaa ya kufundisha, na bado ndege wangu walikwisha kabla ya kidole cha tano.

Katika makala haya nitaeleza kwanza majira hayo ya baridi ni nini, na ndege wanaobaki huko wanaishije. Kisha nitaeleza jinsi watu wa huko wanavyofurahia ndege uani, kwa nini baridi yao inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki, na mwalimu wa lugha anaweza kuvuna nini hapo.

Baridi ipi?

Tuanze na neno lenyewe. Nimesahihisha insha nyingi ambamo mwanafunzi anaandika kwamba "huko Ulaya kipupwe huanza Desemba". Kamusi zetu hueleza kipupwe kuwa ni kipindi cha baridi cha kuanzia Juni hadi Agosti. Ni baridi ya pwani ya Afrika Mashariki, wakati upepo wa kusi unavuma. Desemba huko pwani ni wakati wa kaskazi, na kaskazi ni joto. Ukiita Desemba ya Wisconsin kipupwe, umempa msomaji wa Mombasa au Unguja picha ya mwezi mwingine na ya baridi nyingine kabisa. Ni salama zaidi kusema majira ya baridi, kisha ukataja miezi.

Vivyo hivyo kuna theluji na kuna barafu. Theluji huanguka kutoka angani, laini kama pamba iliyochambuliwa. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Huko Madison, maziwa ya Mendota na Monona hugeuka barafu, na juu ya barafu hiyo hulala theluji. Sisi tuliozoea barafu ya friji tu huchanganya maneno haya mawili, lakini mwanafunzi anayetembea juu ya vitu hivyo kila asubuhi hawezi kuyachanganya.

Wanaobaki wanaishije?

Watu wengi hudhani kwamba ndege huhama nchi za kaskazini kwa sababu wanaikimbia baridi. Sababu kubwa ni chakula. Wanaokula wadudu wanaoruka hawawezi kubaki, kwa kuwa wadudu hao hawaonekani tena. Wanaokula mbegu, au wanaojua kutafuta mayai ya wadudu katika nyufa za magome, wanaweza kubaki mradi wapate cha kutosha kila siku.

Ndege wana silaha kadhaa dhidi ya baridi. Ya kwanza ni manyoya. Ndege akiyatutumua, hewa hunaswa katikati yake na kumhifadhia joto, ndiyo maana asubuhi ya baridi kali kila ndege huonekana mnene kama mpira. Ya pili ni miguu. Damu ya moto inayoshuka miguuni hupita karibu sana na damu baridi inayopanda, ikaipasha njiani. Hivyo mguu hubaki baridi bila kuganda, na joto la mwili halipotei kwenye theluji.

Ajabu zaidi ni chikadii, ndege mdogo mwenye kofia nyeusi na mashavu meupe. Uzito wake ni gramu 11 hivi, sawa na vijiko vidogo vitatu vya sukari. Tangu majira ya kupukutika majani huficha mbegu mojamoja katika mamia ya mahali, kisha huzikumbuka na kuzirudia. Usiku wa baridi hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi 10 hivi ili asimalize akiba yake ya mafuta kabla ya mapambazuko.

Na kwa sisi watu wa lugha, chikadii ana la ziada. Jina lake limetokana na mlio wake, unaomalizika kwa "dii-dii-dii". Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba chikadii akiona adui huongeza idadi ya "dii" kulingana na ukubwa wa hatari. Bundi mdogo mwepesi, anayeweza kumkamata kwa urahisi, huitiwa "dii" nyingi kuliko bundi mkubwa mzito. Wenzake husikia, wakajua la kufanya. Mwalimu wa fonolojia asikose kuutumia mfano huu.

Uani kwa bibi

Bibi yule alikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi, kabla ya chai yake mwenyewe, alivaa buti na kutoka kujaza vyombo vya kulishia ndege. Kimoja kilikuwa na mbegu nyeusi za alizeti, ambazo karibu ndege wote wa huko huzipenda kwa kuwa zina mafuta mengi. Kimoja kilikuwa kikapu cha waya chenye shahamu ya ng'ombe, kwa ajili ya vigogota. Chini alinyunyiza nafaka ndogo ndogo kwa ajili ya junko, ndege wa kijivu mwenye tumbo jeupe ambaye hutoka Kanada majira hayo na hupenda kuchakura ardhini.

Chombo cha nne kilinishangaza. Kilikuwa na mbegu nyembamba nyeusi, na bibi aliniambia, "Hizi zinatoka kwenu." Kwao "kwenu" ni Afrika nzima, lakini hakukosea sana. Ni mbegu za mmea ambao Waethiopia huuita nug na kuukamulia mafuta ya kupikia. Huuzwa nje, hupashwa moto ili zisiote, kisha huliwa na ndege wadogo wa Marekani ambao manyoya yao ya manjano hufifia wakati wa baridi.

Kando ya vyombo hivyo kulikuwa na beseni la maji lenye hita ndogo ya umeme, kwa maana pale ambapo kila kitu kimeganda, maji ni adimu kuliko mbegu. Bibi aliosha vyombo kila baada ya wiki mbili, kwa sababu ndege wanaokusanyika mahali pachafu huambukizana magonjwa. Chombo kimoja alikitundika karibu kabisa na dirisha, chini ya mita moja, na vingine mbali nalo. Alinieleza kwamba ndege anayeruka kutoka karibu hapati kasi ya kumuua akigonga kioo, bali anayetoka umbali wa wastani huweza kuvunjika shingo. Paka wake hakuruhusiwa kutoka nje.

Baada ya kazi hiyo aliketi na daftari. Aliandika tarehe, hali ya hewa, jina la ndege na idadi. Basi. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajisumbua kuandika ndege walewale kila siku. Alisema kwamba majira ya baridi ya kwanza baada ya kufiwa na mumewe, hakuona sababu ya kuamka asubuhi, isipokuwa kwamba kulikuwa na viumbe nje waliokuwa wakingoja. Mimi niliyekuwa mbali na wanangu, nikiona jua likizama kabla ya saa kumi na moja jioni, nilimwelewa vizuri. Kufikia mwezi wa Februari nilikuwa na daftari langu.

Na hapa ndipo ulipo ubora wa majira ya baridi kwa anayeanza kujifunza. Miti mingi haina majani, kwa hiyo ndege hawajifichi. Aina si nyingi, pengine kumi au kumi na tano, nao hurudi palepale kila siku. Huhitaji kwenda msituni, wala huhitaji darubini ya bei. Unahitaji dirisha na subira. Kwa mwalimu wa lugha hiyo ndiyo hali bora ya kujifunza msamiati: maneno machache, yanayorudiwa, yakiwa mbele ya macho.

Baridi yao, wageni wetu

Wale wasiobaki huenda wapi? Wengi wa Amerika Kaskazini hushuka kuelekea Amerika ya Kati na Kusini. Lakini wa Ulaya na Asia, kwa mamilioni, huja kwetu. Mbayuwayu aliyezaliwa chini ya paa la banda Ulaya huvuka Bahari ya Kati na jangwa la Sahara kuja Afrika. Mei 1911, wakili mmoja wa Staffordshire, Uingereza, alimvisha mbayuwayu pete ndogo mguuni. Desemba 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika Kusini, akiwa bado na pete yake. Huo ndio ulikuwa uthibitisho wa kwanza wa aina yake kwamba mbayuwayu wa Uingereza hufika kusini mwa Afrika.

Hapa Uganda huhitaji pete ili kuwaona wageni. Kuanzia Oktoba hadi Machi, tazama nyasi za chuo baada ya kufyekwa. Utaona ndege mwembamba, wa manjano tumboni, anayekimbia huku akitikisa mkia juu na chini. Huyo ametoka kaskazini. Tazama waya za umeme, utaona mbayuwayu wamejipanga. Sikiliza angani, utasikia keremkerem wakipita kwa makundi. Katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, buabua hukusanyika kwa wingi mkubwa miezi hiyo, na eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2006.

Kwa hiyo tusifikiri kwamba majira ya baridi ni habari ya wenzetu tu. Bibi wa Madison anapofungua mfuko wa alizeti, sisi tunapokea wageni. Ni majira yaleyale, yanayotazamwa kutoka ncha mbili.

Ndege ametua, ndege imetua

Niliporudi Kampala katikati ya mwaka 2014 niliweka kiti uani na daftari mkononi. Ndege walikuwapo tele, kwani nchi yetu ina zaidi ya aina 1,000. Majina ndiyo hayakuwapo. Aliyeniokoa ni jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, mzaliwa wa Mombasa. Siku moja nilimkuta ukutani akinitazama ninavyohangaika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umepoteza nini?"

"Mzee wangu, yule mdogo anayefyonza maua anaitwaje?"

"Yule? Chozi yule. Kwani Kiswahili chenu cha chuoni hakina chozi?"

"Kina chozi la jicho tu," nilijibu, naye akacheka mpaka akashika kiuno.

Tangu siku hiyo alikuwa mwalimu wangu. Nilichokuwa nikikiita njiwa, yeye alikigawa: njiwa, hua, tetere na pugi. Aliyekuwa akila mapapai yangu ni shore. Anayegonga mti ni kigogota, na ukikumbuka kitenzi gogota huhitaji tena kukariri jina hilo. Shomoro, alisema, kuna wanaomwita jurawa, na wote wawili wako sawa. Nilijifunza pia vitenzi. Kuku na kwale huchakura, shomoro hudona, mwewe hunyakua, kinda hupapatika. Mimi nilikuwa nikisema kwamba wote wanakula.

Ndege wenyewe hutufundisha sarufi. Neno "ndege" ni mfano mzuri kuliko yote wa upatanisho wa kisarufi wa viumbe hai. Tunasema ndege ametua juu ya mti, lakini ndege imetua Entebbe. Tunasema ndege wameruka kwa manyoya, lakini ndege zimeruka kwa injini. Umbo ni moja, na maana inabebwa na kiambishi cha kitenzi. Mwanafunzi aliyeambiwa kanuni hii ubaoni huisahau. Aliyekaa dirishani akaona hua akitua huku eropleni ikipita juu yake, akatakiwa aandike sentensi mbili, haisahau. Vilevile tuna maneno yenye maana mbili, kama chozi, na kama kanga ambaye ni ndege na pia ni vazi, yanayofaa kufundishia semantiki bila kutafuta mifano ya mbali.

Na wale ndege wa kigeni wasio na majina? Sasa ningemjibu mwanafunzi wangu tofauti. Ukoo mara nyingi tunao. Anayegonga miti ya Wisconsin ni kigogota. Anayelia kwa huzuni juu ya waya ni wa ukoo wa njiwa. Kwa aliyekosa ukoo, tunaeleza kwa sifa au tunatohoa jina lake kama tulivyofanya kwa chikadii. Yule mwekundu mwenye kishungi anaitwa kwa jina la makadinali wa Kanisa Katoliki, kwa sababu ya rangi ya mavazi yao. Neno kadinali tayari tunalo. Jina lilikuwa mdomoni mwangu siku ile, nami nikasema halipo.

Kuhesabu na kujifunza

Watu wa kaskazini wamegeuza burudani hii kuwa elimu. Zamani ilikuwa desturi Marekani kwa makundi kwenda kuwinda siku ya Krismasi, wakishindana nani ataua wanyama na ndege wengi zaidi. Mwaka 1900 Frank Chapman alipendekeza wahesabu ndege badala ya kuwaua. Watu 27 walishiriki mwaka huo wa kwanza, na hesabu hiyo ya Krismasi inaendelea hadi leo. Uingereza ina hesabu ya ndege wa bustanini ya kila Januari tangu mwaka 1979. Mwaka 1998 ilianzishwa Great Backyard Bird Count, hesabu ya siku nne za mwezi wa Februari, na tangu 2013 mtu wa nchi yoyote anaweza kushiriki. Sharti ni kutazama mahali pamoja kwa angalau dakika 15 na kuandika ulichoona.

Dakika 15 ni robo ya kipindi. Mwalimu anaweza kuzitumia hivi:

1. Wanafunzi wakae wawili wawili mahali penye mti au maua, bila kuzungumza.
2. Kila jozi iandike idadi, rangi, umbo la mdomo na kitendo cha kila ndege, kwa Kiswahili tu.
3. Warudi darasani wasome walichoandika. Wengine wasahihishe viambishi: ametua au imetua, wanadona au zinadona.
4. Kazi ya nyumbani iwe kumwuliza mzee mmoja jina la ndege mmoja, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, na kuandika jina la mahali lilipotumika.

Tahadhari moja ya kumalizia sehemu hii. Tusiige kila kitu. Hapa kwetu chakula cha ndege kipo mwaka mzima, na nafaka zikimwagwa uani huwaita panya kwanza. Afadhali beseni la maji safi na mimea yenye maua. Wahenga walisema ndege mwigo hana mazoea.

Hitimisho

Tumeona kwamba majira ya baridi ya kaskazini si kipupwe chetu, na kwamba yanatuletea wageni kila mwaka. Tumeona pia kwamba dirisha na daftari vinatosha kumfanya mtu awe na sababu ya kuamka, na mwalimu awe na somo.

Mzee jirani yangu alifariki mwaka 2019. Daftari langu lina majina 31 niliyoyapata kwake, kila moja na tarehe yake. Kulikuwa na ndege mmoja mweusi mwenye mkia mrefu aliyependa mwembe wake, ambaye nilikuwa nikijiambia nitamwuliza kesho. Bado anakuja kwenye mwembe ule, na mpaka sasa nimemwandika "mweusi, mkia mrefu". Mwalimu mwenzangu, kama una mzee karibu nawe, usingoje Februari.